Singa za Mama Ledi

Jirani yangu Wamalwa ana watoto watatu, lakini ukimuuliza anao wangapi atakujibu wanne, na ukimwambia huyo wa nne humjui atakushika mkono akupeleke nyuma ya nyumba ukaonyeshwe farasi. Tena yeye hamhesabu kuwa wa nne. Kwa hesabu yake huyo ndiye kifungua mimba, maana alimpata kabla Quincy, mkubwa wa hao watatu, hajazaliwa. Mkewe Immaculate, aliyewazaa hao watatu kwa uchungu wake mwenyewe, alishachoka kubisha.

Mimi ni Hadiya, fundi wa cherehani. Kibanda changu na saluni ya Immaculate hapa Rongai vimetenganishwa na ubao mmoja tu, na huo ubao una tundu. Babu yangu alitoka Mombasa na mzigo wa kanga, akafika Nakuru, akaonja viazi vya huku, hakurudi tena. Kwetu tumefuga paka. Nayasema haya mapema ili nikianza kueleza mambo ya farasi mjue nimejifunza kwa kulazimishwa, kupitia lile tundu.

Farasi mwenyewe ni jike, rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi. Zamani Wamalwa alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba moja upande wa Njoro. Mwenye shamba alipohama nchi aliwauza farasi wote isipokuwa mtoto mmoja aliyezaliwa na miguu ya kujipinda. Huyo hakuna aliyemtaka, akamwachia saisi wake kama mtu anavyokuachia sufuria iliyotoboka. Miguu ilinyooka baadaye, tabia haikunyooka. Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa Marmalade, lakini Rongai haikuwa na muda wa jina hilo. Ikamwita Mama Ledi, naye akaitikia.

Siku za wiki Wamalwa hupakia mahindi kwenye ghala moja kando ya barabara ya Eldoret. Jumamosi humpeleka Mama Ledi mtaa wa Kiamunyi kwenye sherehe za kuzaliwa za watoto, awabebe mmoja mmoja kuzunguka bustani huku mama zao wakipiga picha na kupiga mayowe. Ni maisha ya kutosha, na angeyaishi kwa amani kama si ile shoo.

Kila mwaka, kwenye maonyesho ya kilimo mjini, kuna shindano la masaisi. Farasi hakimbii, haruki, habebi mtu. Anasimama tu aangaliwe kama bibi harusi, na jaji anapita akipekua kwato, masikio, mkia, na zaidi ya yote zile nywele ndefu za shingoni ambazo vitabuni huitwa singa. Singa zinatakiwa ziwe fupi, zilale upande mmoja, halafu zisukwe vifundo vidogo vidogo kwenye mstari ulionyooka na kila kifundo kishonwe kwa uzi. Wa kwanza hupewa utepe mwekundu, wa pili wa bluu, wa tatu wa manjano, wa nne wa kijani. Na farasi wa shindano hilo, mwaka nenda mwaka rudi, huwa wanne.

Wamalwa alikuwa na tepe za kijani za kutosha kufungia magunia. Mama yake, ambaye sote tulimwita Kukhu kama wajukuu zake walivyomwita, maana ndiyo nyanya kwa Kibukusu, alizitundika sebuleni juu ya televisheni, na kila mgeni akaonyeshwa kwa sauti ya huruma.

"Hizi ni majani," Kukhu alikuwa akisema. "Kijana yangu anashinda majani kama mbuzi. Mimi nataka ile nyekundu. Nikiona nyekundu, hata nikienda, nimeenda nimeshiba."

Na Wamalwa akaahidi. Aliahidi mbele ya mkewe, mbele yangu, na siku moja mbele ya mchungaji aliyekuja tu kunywa chai: utepe mwekundu lazima uingie katika nyumba hii kwa ajili ya mama.

Sasa kilichokuwa kikimshinda ni Kukhu mwenyewe, na hilo Kukhu hakulijua.

Tangu miguu yake ilegee, kila asubuhi walimtoa nje wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya banda la farasi apate jua. Mama Ledi, aliyewahi kumpiga teke daktari wa mifugo na kumng'ata mume wangu Jalal begani bila kosa lolote, alikuwa akiinamisha shingo juu ya ubao wa banda hadi nywele zake zikaanguka mapajani pa yule mzee. Naye Kukhu akasuka. Misuko minene, ya kwenda upande, kama alivyowasuka binti zake enzi za nyumba za reli mumewe alipokuwa akifanya kazi kule. Akimaliza huifunga mwishoni kwa kipande cha kitenge nilichompa mimi, masalio ya kazi.

Jioni, Kukhu akisharudishwa ndani, Wamalwa alikuwa akienda na kikombe cha maji, anafumua. Mmoja mmoja, polepole, analowesha, anachana, ananyoosha. Asubuhi Kukhu anaanza tena. Lakini nywele zikisukwa kila siku hata uzifumueje hubaki na mawimbi, na nywele zenye mawimbi hazikubali kulala wala kufungwa vifundo. Kila shoo, vifundo vya Wamalwa vilichomoza huku na huku kama mahindi ya bisi.

"Hizi singa zina mawimbi," jaji alimwambia mwaka mmoja. Ni mama mmoja mwenye kofia pana, mkali, na huwa ni yeye kila mwaka. "Nani anazichezea?"

"Ni upepo, madam," Wamalwa akamjibu. "Rongai iko na upepo mbaya sana."

Immaculate alimshambulia usiku huo huo, nikasikia kesho yake tundu lilipofunguka. "Si umwambie tu mama aache? Unafukuza hiyo nyekundu na mkono moja na kuivuta na ingine."

"Nimwambie aache nini, Mama Quincy? Si hiyo ndiyo kazi amebaki nayo."

Hapo Immaculate aliziba tundu, nami nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kukhu alituacha mwaka huu, shoo ikiwa imekaribia. Asubuhi hiyo alisuka msuko mmoja tu, chini kabisa pale shingo ya farasi inapokutana na mabega, akaufunga kitenge cha bluu, akasema leo anasikia baridi na mikono imechoka. Akaingizwa ndani, akanywa uji nusu kikombe. Jioni hiyo Wamalwa hakwenda kufumua. Alikuwa ameshika mkono wa mama yake, na ulikuwa umeshapoa.

Nilimtazama sana Wamalwa siku zile za matanga, maana ni jirani mwema na nilimhofia. Hakulia. Alikuwa na shughuli: hema, viti, kuni, ng'ombe, spika za muziki. Mtu akimpa pole anamuuliza kama ameshapata chakula. Watu wakamsifu kwamba amejikaza, na mimi nikaona amejikaza kupita kiasi, kama mshono uliovutwa uzi mpaka kitambaa kinajikunja.

Siku ya maziko, msema chochote, yule mwenye kipaza sauti, aliposoma wasifu wa marehemu, alitangaza kwamba ameacha wajukuu wanane. Nikahesabu kwa vidole: watoto wa Wamalwa watatu, wa dada zake wanne. Saba. Nikamtazama Wamalwa, akatazama pembeni. Ni yeye aliyempa yule mtu hesabu. Na kusema haki, Kukhu mwenyewe kila asubuhi alikuwa akimsalimu Mama Ledi kwa kumwita mjukuu wangu. Hakuna aliyejali, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa ameketi mbele kabisa na masikio wazi.

Huyo alikuwa Shangazi Naliaka, dada wa marehemu baba yake Wamalwa, aliyefika kutoka Bungoma na kikapu, blanketi, na wembe wake mwenyewe uliofungwa kwenye kitambaa. Kwao, siku ya tatu baada ya maziko wafiwa hunyolewa. Siku hizi wengi hukatwa nywele mbili tatu kwa makasi, iwe ishara tu, kisha kila mtu anakimbilia kazini. Shangazi mambo ya ishara hana. Aliketi kwenye kigoda na beseni la maji, akawaita kwa zamu, na kila aliyeinuka pale aliinuka kichwa kinang'aa. Immaculate, mwenye saluni, aliyekuwa amesukwa misuko myembamba iliyomtia siku nzima kwenye kiti, alikaa chini, akaitazama kazi yote hiyo ikimwagika mapajani.

Wamalwa alinyolewa wa kwanza, kisha akaondoka na mume wangu kurudisha viti vya watu kwa kanta yetu, lori dogo la kubebea mahindi. Laiti viti vingengoja.

Shangazi alipomaliza alinyoosha mgongo, akahesabu vichwa. "Hapa nimenyoa wajukuu saba," akasema. "Juzi walisoma nane. Wa nane ako wapi?"

Wanawake wakatazamana. Mtoto mmoja akanyoosha kidole kuelekea banda la farasi.

Shangazi akatazama banda. Akatazama wembe. "Alikuwa anamuita mjukuu?"

"Ndiyo," tukasema.

"Kwa mdomo yake mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi leteni maji ingine. Hii imechafuka."

Mtaniuliza mbona sikumzuia. Nilikuwa nimeinama kwenye sufuria ninasugua ukoko, mimi Muislamu katika shughuli ya Wakristo, tena mgeni wa desturi zao. Nani aliniambia farasi hanyolewi? Nilidhani ndivyo wafanyavyo Wabukusu wote wenye farasi. Baadaye nikakumbuka kwamba Mbukusu mwenye farasi ninamjua mmoja tu.

Na yule mnyama, wallahi, alitulia. Aliinamisha shingo juu ya ule ubao vilevile kama alivyokuwa akimwinamia Kukhu, na Shangazi akaanza kwenye paji la uso, akapita kati ya masikio, akateremka shingo nzima akilowesha na kukwangua, huku akiimba polepole wimbo wa kwao. Alipofika mabegani akasimama. Akatazama kitu. Kisha akakunja wembe kwenye kitambaa na kusema amemaliza, ingawa kishungi kimoja kilikuwa kimebaki. Nikadhani wembe umeisha makali.

Wamalwa aliporudi alishuka kwenye kanta akapiga hatua kadhaa, akasimama. "Hii farasi ni ya nani?" akauliza.

Mama Ledi akamwitikia kwa mlio wake, na hapo akajua. Alimsogelea taratibu. Shingo yote ilikuwa tupu, nyembamba, yenye rangi ya waridi kama ya kuku aliyenyonyolewa, na masikio yameonekana makubwa ghafla. Miezi yote tangu Januari alikuwa akizipunguza zile singa kwa vidole, anang'oa nywele chache chache zifike urefu wa shoo. Immaculate alizoea kumwambia kwamba yeye akimng'oa mteja nywele hivyo atalala seli. Kazi hiyo yote sasa ilikuwa ndani ya beseni, imechanganyika na za familia.

"Shangazi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Shangazi, umefanya nini?"

"Ni wewe uliandikisha nane," Shangazi akamjibu, akaendelea kuosha beseni.

Nimewaona wanaume wakishindwa kesi, lakini sijawahi kumwona mmoja akishindwa upesi vile. Kisha mkono wa Wamalwa ukateremka mpaka kwenye kile kishungi kilichobaki mabegani, ukakishika, na haukukiachia kwa muda mrefu. Nikaona kipande cha kitenge cha bluu.

Keshoye alikuja Kipkemoi kutoa pole. Huyu ni saisi kwenye banda moja la farasi upande wa Njoro, rafiki ya Wamalwa tangu ujana, na ndiye anayeondoka na utepe mwekundu kila mwaka. Alileta sukari na majani ya chai, akakaa kwa heshima, akasali pia. Kisha akaenda nyuma kumsalimu farasi. Nilimwona amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Nilisikitika nikidhani analia, mpaka aliposogea nikaona meno.

Alipojikusanya akawa mtu wa maana. "Sikiza, Wamalwa. Si mwisho wa dunia. Kunyoa singa yote ni mtindo, iko, na jaji anaukubali. Lakini inataka usafi. Kutoka masikio mpaka mabega kusibaki hata moja. Shingo ipakwe mafuta ing'are. Na hii kijiti ya huku chini lazima itoke."

Akatoa makasi mfukoni. Hakuwahi kuyafikisha. Wamalwa alimdaka mkono.

"Hiyo wacha."

"Inaharibu kila kitu, boss. Jaji atasema umesahau kumaliza."

"Hiyo ni ya mama. Alisuka siku ile."

Kipkemoi akarudisha makasi mfukoni polepole. Kisha akasema jambo ambalo mtu mchoyo asingesema. "Pole. Lakini nikuambie ukweli, sababu wewe ni ndugu. Farasi yangu ile kubwa imeumia mguu. Naleta ingine changa, haijui hata kusimama. Wale wengine wawili unawajua, hawana kitu. Ukitoa hiyo msuko, mwaka huu nyekundu ni yako. Ukiiacha ni majani tena."

Basi hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Alimwahidi mama yake utepe mwekundu, na kilichokuwa kikimzuia kuupata ni kitu cha mwisho mikono ya mama yake ilichofanya duniani. Mimi fundi, nimezoea kuambiwa punguza hapa ongeza pale, lakini hilo sikujua ningelishona vipi.

Immaculate alidhani anajua. Alinigongea ubao asubuhi, akaniita kwa jina la binti yangu. "Mama Sumeya, tunamtengenezea wigi."

"Nani?"

"Farasi. Tunafunika shingo yote, na ile msuko inafunikwa ndani. Jaji haoni, na haijakatwa. Kila mtu anapata yake."

Msinicheke. Kwa dakika ile ilisikika kama akili. Alileta nywele za saluni rangi ya kutu, zile ambazo wasichana wa Rongai huzigombania Krismasi, na mimi nikakata ukanda wa turubai urefu wa shingo nzima. Tulishona siku mbili. Yeye anasuka vifundo vidogo vidogo, mimi ninavipitisha kwenye cherehani. Wateja wakauliza ni gauni la nani, nikasema la mtu mrefu wa kule Bahati. Tulipombandika Mama Ledi wigi lake kwa gundi na kumfunga utepe chini ya koo, tulirudi nyuma tukashikana mikono. Alipendeza. Alikuwa na vifundo vilivyonyooka kuliko vyote vilivyowahi kuonekana kwenye shoo, na hata mchungaji aliyekuwa akipita nje alisimama akasema Bwana asifiwe.

"Mtembeze," Immaculate akamwambia mumewe.

Akamtembeza. Akamkimbiza kidogo. Jua lilikuwa kali, gundi ikalainika, na wigi likaanza kuteleza upande mmoja taratibu bila mtu kulihimiza, likazunguka shingo, likaning'inia chini ya kidevu. Mama Ledi akasimama kututazama, amefuga ndevu hadi kifuani, anafanana na shehe mmoja mkubwa niliyemwona utotoni.

Wamalwa akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, cha kuinama na kushika magoti, na sote tukaangua naye. Kisha akanyamaza ghafla, akatazama kile kiti cha plastiki ambacho hakuna aliyekiondoa kando ya banda. Kukhu ndiye angecheka kuliko wote. Wamalwa akaenda nyuma ya banda akakaa huko, na alipotoka macho yake yalikuwa makavu bado.

Shangazi alikuwa ameyatazama yote kutoka mlangoni. Wageni wengine wa matanga walishaondoka, yeye hakuondoka. Ukimuuliza anarudi lini Bungoma alikujibu kwamba kuna kitu anangoja, na hakusema ni nini.

"Hii ni aibu gani?" akasema sasa. "Mtu amenyolewa sababu amefiwa, anatembea na kichwa wazi. Watu wanaona, wanampa pole. Ndiyo maana tunanyoa. Nyinyi mnataka kuvalisha mfiwa wigi?"

Immaculate, ambaye tangu anyolewe alikuwa akienda saluni na wigi, aliangalia miguu yake.

Asubuhi ya shoo Jalal aliwasha kanta mapema, na sote tukawa tunangoja. Makasi ya Kipkemoi, aliyoyatoa tena mfukoni na kuyaacha siku ile alipoaga, yalikuwa dirishani. Wamalwa aliyatazama, akayachukua, akaingia nayo bandani na kufunga mlango. Immaculate akanishika mkono. Hatukusikia kitu. Alipotoka alikuwa amemfunika Mama Ledi blanketi la Shangazi kutoka masikioni hadi mgongoni, na uso wake haukutuambia lolote. Akampandisha. Njia nzima hakuna aliyethubutu kuuliza, hata mimi.

Uwanjani tulisimama kwenye kamba na Shangazi katikati yetu. Farasi wanne wakapangwa. Yule mchanga wa Kipkemoi alikuwa akizunguka kama anayetafuta choo. Jaji mwenye kofia pana akaja akifuata mstari, na Wamalwa, kichwa kipara kinang'aa, koti la marehemu baba yake limefungwa vifungo vyote, akavuta blanketi.

Shingo ilikuwa safi, imepakwa mafuta ya saluni, inameremeta. Alikuwa ametumia makasi kuondoa vinywele vya pembeni vilivyosahaulika. Na mabegani, peke yake, mnene na umekwenda upande, msuko wa Kukhu na kitenge chake cha bluu. Immaculate akaachia mkono wangu. "Ameiacha," akanong'ona, na sijui kama alikuwa amefurahi au amekasirika. Sidhani yeye mwenyewe alijua.

Jaji alifika akasimama. Akainua ukingo wa kofia.

"Mwaka huu upepo umezibeba zote?" akauliza.

Watu kwenye kamba wakacheka. Wamalwa hakucheka.

"Hapana, madam. Amefiwa."

"Nani amefiwa?"

"Huyu farasi. Na mimi. Ni mama yangu. Kwetu ukifiwa unanyolewa." Akagusa kichwa chake, kisha shingo ya Mama Ledi.

"Na huu msuko?"

"Huo alisuka yeye. Ndio wa mwisho." Akakigusa kile kitenge cha bluu. "Ule upepo, madam. Nilikudanganya. Ule upepo ulikuwa ni yeye. Miaka yote."

Yule mama mkali alisimama pale muda ambao hakuwapa farasi wengine. Kisha akavua kofia, akaishika kifuani, na Shangazi kando yangu akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba huyo, angalau, amelelewa. Jaji akavaa kofia yake, akapita kwa farasi anayefuata.

Nyekundu ilikwenda kwa Kipkemoi na farasi wake asiyejua kusimama. Wamalwa alipata kijani. Kama jaji angempa nyekundu hata mimi ningesema nimetunga, lakini shindano ni shindano. Kipkemoi alitufuata hadi kwenye kanta akiwa ameshika utepe wake. "Chukua, boss. Peleka kwa mathe, kwa kaburi. Yeye hatajua."

"Atajua," Wamalwa akamwambia. "Ataniuliza nimeiba wapi."

Tulirudi Rongai jua likiwa limeanza kulegea. Wamalwa aliutundika ule utepe wa kijani pamoja na wenzake juu ya televisheni, akanyoosha ule wa pembeni uliokuwa umejikunja. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha maji na kichana, akaelekea bandani. Sisi wanawake tulikuwa tunachambua mboga uani. Tukaacha.

Alivuta kile kiti cha plastiki akaketi. Mama Ledi akamwinamia. Akafungua kipande cha kitenge, akakitia mfukoni, akalowesha vidole, akaanza kufumua kama alivyokuwa akifumua kila jioni, kuanzia mwisho kupanda juu, bila haraka. Alipofika kwenye pindo la mwisho mikono ikasimama, na mlio ukamtoka ambao sikujua kwamba uko ndani ya mtu. Alilia amelaza paji lake la uso kwenye ile shingo iliyonyolewa, vichwa viwili vitupu, na farasi aliyewang'ata watu wote hakusogeza hata kwato.

Immaculate akataka kuinuka. Shangazi akamshika gauni akamkalisha.

"Mwache. Hiyo ndiyo nilikuwa nangoja," akasema, na macho yake pia yalikuwa yamelowa. Akachukua sukuma aliyokuwa akiikata. "Kesho naenda kwangu Bungoma. Mniamshe mapema."

Giza lilikuwa linaingia Wamalwa alipomaliza. Nilimwona akijifuta uso kwa mkono wa koti, kisha akakichovya kichana kwenye kikombe na kukichana kile kishungi mpaka kichana kikapita bila kukwama. Akakilaza upande mmoja. Akakilowesha tena, akakilaza tena. Hata hivyo kilibaki na mawimbi, na safari hii hakujaribu kuyanyoosha.